Lefteris na Uso wa Baba

Kila nikifungua chupa ya siki jikoni kwangu hapa Hallonbergen, kabla hata sijaimimina kwenye kachumbari, mkono wangu mwingine unaanza kutafuta yai. Siki peke yake hainiambii kitu. Yai peke yake pia ni yai tu. Lakini vikikutana, ile harufu kali yenye kautamu ka mbali ndani yake, basi mimi sipo tena hapa. Nimerudi Rågsved, ghorofa ya chini, kwenye chumba chenye dirisha moja refu, na Mzee Lefteris ananipigia kelele: "Kiini tu, Mapendo! Kiini tu! Ute mpe paka!" Na paka hatukuwa naye.

Wageni wakija nyumbani huitazama ile picha ya sebuleni na kuuliza, "Yule ni nani?" Nasema ni Baba. Halafu wanauliza mbona nyuma yake kumejaa dhahabu kama ya kanisani. Hapo ndipo huwa nashindwa, maana jibu ni refu na chai inapoa. Nimeona bora niliandike. Shule yangu haikwenda mbali, na nilichozoea kuandika ni mistari mitatu minne ya siku, mvua imenyesha, mtoto ana kikohozi, basi. Nilichokiona nitasema nilikiona. Nilichosimuliwa nitasema nilisimuliwa.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikuwa watatu: Mama, kaka yangu Amani, na mimi. Tulitoka Uvira, tukakaa kambini upande wa Kigoma, ndipo tukaletwa Stockholm. Baba alifia kambini kwa ugonjwa, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Amani alimkumbuka miguu yake tu, kwa sababu alikuwa mfupi wakati ule. Mimi sikukumbuka hata miguu. Picha zake zote zilibaki ukutani Uvira siku tuliyotoka mbio, na ule ukuta, tulisikia, haupo tena.

Mama alifanya usafi maofisini, na Jumapili aliimba kwaya kwenye kanisa letu la Wakongomani. Alikuwa mama wa mdomo mwepesi na mkono mwepesi, lakini mwenye haki. Jumamosi ilikuwa siku ya nywele. Alinikalisha chini katikati ya magoti yake, akisema, "Geuka kule," nami nikageukia dirisha, nikahesabu njiwa wakati kichana kinalima kichwa changu. Hakuna Jumamosi aliyonichana uso kwa uso. Hata mezani, akinipa sahani, macho yake yalipita juu ya kichwa changu kama mtu anayetazama saa ya ukutani. Sikuwa na uchungu. Nilidhani ndivyo akina mama wanavyotazama mabinti. Mama alimtazama Amani vizuri tu, lakini Amani alikuwa mvulana, tena mtundu, alihitaji kuchungwa.

Asiyeishi Stockholm hajui vita vya chumba cha kufulia. Jengo zima lina chumba kimoja chini, tvättstuga, chenye mashine za wote, na kila familia ina kikufuli chake inachokitundika ubaoni kushika saa yake. Mtu atakusamehe ukimkanyaga mguu. Ukimwibia saa yake ya kufua hakusamehe. Siku hiyo tulishuka na vikapu vyetu tukakuta mashine inanguruma, na mbele yake amesimama mzee mnene mwenye nyusi kama brashi, mikono imejaa rangi hadi kwenye viwiko.

"Papa, hii saa iko yangu," Mama alisema.

"Dakika tano, bibi."

"Dakika tano za nani?"

Kiswidi chake kilikuwa cha kukatika-katika kama cha Mama, kwa hiyo waligombana sawasawa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Mashine ilipokwisha, akatoa mashuka ya kitani ya zamani, mazuri, mazito, meupe. Akalichukua moja palepale, akalishika ncha, akalipasua. Mama akashika kifua.

"Mungu wangu! Shuka zima hivi! Nani mgonjwa kwako?" Maana alidhani anatengeneza bendeji.

"Ubao," alisema yule mzee.

"Ubao unaumwa?"

"Njoo uone."

Hivyo ndivyo tulivyoingia kwa Lefteris. Chumba chake zamani kilikuwa duka la fundi viatu, na ukivuta pumzi sana bado ulisikia ngozi chini ya harufu ya siki. Alikuwa anabandika vile vitambaa kwenye mbao kwa gundi ya moto, juu yake anapaka chokaa laini tabaka juu ya tabaka, anasugua mpaka ubao unakuwa mlaini kama shavu. Rangi zake hazikuwa za kwenye tyubu. Zilikuwa udongo na mawe yaliyosagwa, akiyachanganya na kiini cha yai na siki kidogo ili yai lisioze. Ndivyo wanavyochora watakatifu kwao Ugiriki tangu zamani.

Ila yeye hakuchora watakatifu tu. Ukutani walijipanga watu wa tunnelbana yetu, treni ya chini ya ardhi, laini ya kijani. Mwanamume amelala na mfuko wa sokoni mapajani. Msichana mwenye vifaa vya muziki masikioni. Bibi mwenye fimbo. Na wote nyuma yao dhahabu tupu, dhahabu ya kweli, kama vile treni ya Rågsved inapita mbinguni kabla ya kufika. Mama alisimama mbele ya mwanamke mwenye ndoo na koti la kazi kama lake.

"Huyu ni nani?"

"Simjui. Anapandia Högdalen asubuhi."

"Anafagia, halafu amewekewa dhahabu?"

"Amechoka," Lefteris akasema. "Sikujua nimuwekee nini kingine."

Mama alichukua kikapu chake, tukaondoka. Lakini juma lililofuata alipopika sombe, majani ya muhogo ya kwetu, alimpelekea sahani. Toka hapo akawa "Papa Lefteri", na yeye akamwita Mama "Mama Amani", akidhani kwa muda mrefu kwamba Mama ndilo jina lake na Amani ni la ukoo.

Maisha yake nilisimuliwa vipande vipande, nikiwa natenganisha viini. Kazi hiyo alinifundisha yeye: kiini unakipitisha kiganja hadi kiganja mpaka kikauke, halafu unakishika kwa ngozi yake kama unavyomshika panya mkia, unakitoboa, kinachuruzika, ngozi inabaki vidoleni. Nilijivuna sana. Alizaliwa kisiwani, baba yake akichoma chokaa. Alipokuwa kijana alichukuliwa na mchoraji wa kuta za makanisa, akatembea naye visiwa na visiwa, akilala makanisani chini ya majukwaa ya mbao. Halafu askari wakashika nchi yao. Aliandika maneno ukutani ambayo hayakuwa ya kanisa, ikabidi akimbie. "Kwa rangi nzuri lakini," aliongeza kila mara. "Mpaka leo hayajafutika." Hilo sikulithibitisha.

Stockholm alioshea watu vyombo, akaokea watu mikate, akapaka watu nyumba rangi nyeupe, nyeupe, nyeupe, mpaka alipoota ndoto nyeupe. Alioa Mswidi, mwalimu, ambaye alifariki kabla hatujamjua. Jioni akachora. Maonyesho yake ya kwanza yalikuwa Södermalm, na gazeti lilimwandika vizuri. Kipande cha gazeti alikuwa nacho, kimekuwa cha njano, alikitumia kufunikia chombo cha gundi. Baadaye mambo yakawa magumu. Alipenda kusema, "Waswidi wananiambia picha zangu ni za kanisa mno. Wagiriki wananiambia si za kanisa vya kutosha." Wagiriki wenyewe walimpa kazi ya watakatifu wa kweli, wakamlipa vizuri, lazima niseme hivyo. Na wapo waliosema anarudia jambo moja miaka yote. Mimi si mjuzi wa sanaa, huenda walikuwa na haki. Alikuwa pia mkali, aliitukana redio kwa Kigiriki, na moshi wa sigara zake uliingia hadi kwenye nywele zangu, Mama akalalamika Jumamosi nzima. Lakini sijaona mtu mwingine anayeutazama uso wa mtu jinsi alivyoutazama yeye. Ukisimama mbele yake ulijisikia umeingia mahali fulani.

Siku moja Mama na yeye walikuwa wanakunja shuka kule chini. Shuka la kitani halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, mnavuta, mnaendeana mpaka mikono inakutana, mnaachana tena. Nilikuwa nimeketi juu ya kikapu. Walipokutana mara ya pili au ya tatu, Mama akasema bila kumtazama:

"Papa, unaweza kuchora mtu ambaye hana picha?"

"Maisha yangu yote nimechora watu wasio na picha. Petro alipigwa picha na nani?"

Mama akacheka kidogo, halafu akaacha. "Baba ya hawa. Sauti yake bado ninayo. Namna alivyokohoa, ninayo. Lakini uso unaniponyoka, Papa. Nikifumba macho naukamata, halafu unageuka."

"Unageuka kuwa nini?"

Mama alinitazama mimi. Kidogo tu. Kisha akatazama shuka, akasema, "Vuta upande wako, limekaa vibaya."

Sikuelewa kitu. Lakini hata mtoto wa miaka tisa alijua Mama amesema jambo ambalo hajawahi kulisema nyumbani. Kumbe alikuwa anaogopa. Baba alikuwa amekufa mara moja, na sasa alikuwa anakufa tena ndani ya kichwa chake, polepole, na hapakuwa na daktari wa ugonjwa huo.

Lefteris alianza kwa kumuuliza. Mama akasema alikuwa mrefu. Alikuwa mzuri. Alikuwa na heshima. Mzee akakuna nyusi zake, akasema kwa maneno hayo anaweza kuchora mnara. "Nipe watoto," akasema. Amani alijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba ana mazoezi ya mpira. Isitoshe Amani alikuwa Mama mtupu, uso wa duara uleule. Basi mzee akanigeukia, akanitazama kwa muda, akamtazama Mama, akasema, "Huyu." Mimi nilidhani nimechaguliwa kwa sababu najua kutulia.

Baada ya shule nikawa nakaa kwenye kiti karibu na dirisha. "Usisogee. Pumua, lakini kimya." Nje watoto wanateleza kwenye theluji, ndani yai na siki, na ile brashi ikisema shh, shh kwenye ubao. Hakuniruhusu kutazama.

Kanisani habari zilishafika. Mama Esta, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, alimvuta Mama pembeni baada ya ibada. Namkumbuka alivyosema: "Dada, wewe mwimbaji wa Bwana. Nyumba ya yule mzee imejaa sanamu. Kesho utaanza kumwashia marehemu mshumaa?" Wengi walimwona mkorofi. Mimi nasema alikuwa na hofu ya kweli, na ndiye aliyetuletea unga tulipoumwa wote watatu. Mama alimjibu, "Ninataka uso tu, Mama Esta. Mshumaa sina." Lakini nilimwona njiani kwenye treni, mkoba mapajani, ameduwaa. Lile neno lilikuwa limemwingia.

Siku chache baadaye alikuja kunichukua mapema, kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Mlango haukufungwa. Aliingia kabla mzee hajageuza ubao.

Na hapa lazima niwe mwangalifu, kwa maana kila mmoja alikuwa na haki yake. Kule kwenye ufundi wa Lefteris uso hauanzi na ngozi. Unaanza na giza. Unapaka uso wote rangi moja nzito, zeituni iliyochanganywa na masizi, hadi shingoni, na macho ni mashimo mawili. Mwanga unakuja baadaye, tabaka kwa tabaka, mpaka uso unatoka kama mtu anayekaribia mlango. Mgiriki yeyote aliyekulia karibu na kanisa anajua hilo. Ndiyo maana mzee hakuona haja ya kulisema. Lakini Mama hakukulia huko. Mama alimwosha Baba kwa mikono yake mwenyewe kambini, na rangi ile aliijua.

Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akaufunika ule ubao, akakichomeka pembe zake vizuri kama mtu anayemfunika mtoto.

"Umenichorea maiti," akasema. "Mimi sikukuomba maiti. Maiti ninayo."

"Mama Amani, subiri, hii siyo..."

"Mapendo, vaa koti."

Tukapanda ngazi. Mazoezi ya kwaya hatukwenda. Mama alikaa jikoni na koti lake mwilini, na aliponiona nimesimama mlangoni akasema kwa upole kabisa, "Nenda chumbani, mwanangu. Nenda kwanza." Nilikwenda, nikajua kwamba kunitazama kunamuumiza, ila sikujua kwa nini, na nikafikiri pengine mimi ndiye niliyekaa vibaya kwenye kile kiti.

Majuma yakapita. Tukikutana na mzee kwenye ngazi, Mama alisema, "God dag," kama anavyosalimiwa karani. Theluji ikageuka maji machafu. Mimi nikapita mbele ya lile dirisha refu kila siku, nikaona kitenge bado kimefunika ubao. Hakukiondoa. Alichora mambo yake mengine pembeni, kwa maana alikuwa anaandaa maonyesho Vällingby, ya kwanza baada ya miaka mingi. Lakini kitenge cha Mama kilikaa pale katikati ya chumba kama mgeni wa heshima.

Halafu ikafika Pasaka yao, ambayo mwaka ule ilikuja baada ya yetu. Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mlango ukagongwa. Lefteris amevaa suti, sijapata kumwona na suti, na mikononi ana bakuli la mayai mekundu. Kwao Pasaka huchemsha mayai kwa rangi nyekundu, mnagonganisha yai kwa yai, na ambalo halikupasuka ndilo lenye bahati.

"Kristo amefufuka," akasema mlangoni.

Utamjibuje mtu hapana kwa salamu hiyo, tena wewe ni mwanakwaya? Mama akasema, "Kweli amefufuka," akampisha.

Waligonganisha. La mzee likapasuka. La Amani likapasuka, akanung'unika kwa Kiswidi kwamba ni wizi. Langu likapasuka. La Mama likabaki zima, akalishika kiganjani, na mzee akaanza kusema alichopaswa kusema tangu mwanzo. Kwamba kwao giza ni msingi. Kwamba asipoweka giza kwanza, mwanga hauna pa kukaa. Akatafuta mfano kwa Kiswidi akakosa, akatazama jiko letu, akaonyesha. "Sufuria kwanza. Mchuzi baadaye."

"Kwa hiyo mimi ulinionyesha sufuria tupu," Mama akasema.

"Iliyoungua," Lefteris akasema.

Amani alicheka wa kwanza. Mama akajaribu kujizuia, akashindwa.

"Basi malizia mchuzi wako, Papa."

"Siwezi." Akaweka mikono mezani, ile mikubwa yenye rangi kwenye kucha. "Giza naweza peke yangu. Mwanga siwezi. Mimi sikumjua. Nikiuweka mimi nitachora mtoto huyu mwenye ndevu. Lazima uje useme."

Mama alizungusha lile yai kiganjani kwa muda mrefu. "Hata Mungu alianzia gizani," akasema hatimaye, zaidi kwa Mama Esta asiyekuwepo kuliko kwetu. Akavua nguo za kanisani, akavaa kanga, tukashuka wote.

Mchana ule siusahau. Jua la majira ya kuchipua liliingia lote kwa lile dirisha. Mimi kwenye kiti changu, Amani juu ya ndoo iliyogeuzwa, Mama kwenye kigoda nyuma ya bega la mzee. Mama aliondoa kitenge, akakikunja, akakirudisha kiunoni. Kisha akatazama.

"Paji la uso?" mzee akauliza, brashi juu.

Mama akanitazama mimi. Safari hii hakupita juu ya kichwa. "Hilo acha. Hilo alimpa huyu lote."

"Shavu?"

"Hapana. Shavu lake lilikuwa limeingia ndani. Hili limejaa, hili ni la Mapendo. Toa."

Mzee akatoa.

"Pua?"

"Pua ni yake. Ila ya kwake ilipinda kidogo kushoto, mlango wa gari ulimpiga. Huyu hajapigwa na mlango."

"Bado," akasema Lefteris, tukacheka.

Wakaendelea hivyo. Kila mwanga ulikuja na habari. Alikuwa akitengeneza redio, akaipiga konzi kwanza kama anampiga mtoto mkaidi. Hakujua kuimba, lakini aliimba. Alikoroma mpaka jirani wa hema la pili akaleta malalamiko kwa mkuu wa kambi. Nilimjua baba yangu mchana ule, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, nikiwa na njaa na mguu umekufa ganzi, na sikuthubutu kusogea asije akakatika.

Yakabaki macho.

"Ya huyu mtoto yanauliza," Mama akasema polepole. "Ya kwake yalikuwa yanacheka kabla ya mdomo." Mzee akajaribu. Hapana. Akajaribu tena. Kisha akachovya brashi nyembamba kuliko zote kwenye nyeupe, akampa Mama.

"Weka wewe. Nukta moja kila jicho."

"Nitaharibu!"

"Utaharibu vizuri."

Mama akainamia ubao. Ya kwanza ilikaa sawa. Ya pili ilishuka chini kidogo. Alishtuka, akataka kuifuta, mzee akamshika kiwiko. Kwa maana Baba alikuwa ametutazama. Jicho moja likitazama mbele, na lingine kama linataka kuteleza pembeni kwa jambo fulani la kuchekesha. Mama akaweka brashi chini. Akasema jina lake, jina ambalo sisi tulilisikia kwenye sala tu, akalisema kama anavyomwita mtu aje kula.

Dhahabu ilikuja siku nyingine. Mama alikubali dhahabu lakini akakataa duara la kichwani: "Hakuwa mtakatifu, Papa, tusimwongopee." Karatasi ya dhahabu ni nyepesi mno, ukipiga chafya imekwenda. Chini yake kuna udongo mwekundu, na ili ishike lazima uupulizie pumzi ya moto, haa, kama unavyofuta kioo. Mzee kifua chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo alinipa mimi. Haa, anabandika. Haa, anabandika. Dhahabu yote iliyo nyuma ya Baba imeshikwa na pumzi yangu.

Aliomba ruhusa kuionyesha Vällingby pamoja na watu wake wa treni. Tulikwenda tumependeza. Hata Mama Esta alikuja, akasimama mbali na mikono nyuma, halafu karibu kidogo, halafu karibu zaidi, akasema, "Lo, kama anataka kusema neno." Mama mmoja wa Kigiriki akafika mbele ya Baba, akapiga ishara ya msalaba. Mama aliniminya mkono akininong'oneza, "Angejua alivyokoroma!" Akaja pia bwana mwenye miwani, akainama, akasema kwamba jicho moja lina kosa. "Kosa ni langu," Mama akamwambia, kwa Kiswidi chake bora kabisa, na kichwa juu.

Sikumbuki kama picha nyingi zilipata wanunuzi. Nadhani chache. Gazeti halikuandika, au kama liliandika hatukuliona. Lefteris alichora miaka mingine kadhaa, kifua kikazidi, akarudi kisiwani kwa dada yake, na huko akafariki. Ni yule dada aliyetupigia simu. Hatukuwa na lugha moja, alilia tu na Mama akalia tu, wakaelewana.

Jumamosi ya kwanza baada ya Baba kutundikwa ukutani, Mama alishika kichana. Nikakaa chini, nikageukia dirisha kama kawaida.

"Geuka huku," akasema.

Akanichana kuanzia mbele, magoti yake yakigusa yangu, akitazama kazi yake na akinitazama mimi. Nilidhani ni kwa ajili ya mwanga.

Miaka mingi nilidhani hivyo. Mama amekwisha kufa, nami nina binti, na nimefika umri ambao Baba hakuuvuka. Ni huyu binti aliyenifumbua macho. Juzi alisimama chini ya picha na kuionyesha kwa kidole, akasema kwa Kiswidi kwamba pale nimevaa kama mwanamume. Nikasimama na taulo mkononi. Ndipo nilipoona kile ambacho Mama alikuwa anakiona mezani kila siku. Uso wa Baba haukumponyoka kwa sababu ya kusahau. Ulikuwa ndani ya nyumba, unakula ugali, unakua, na kila ulipokua ulimfuta yule mwingine kidogo, hata Mama asijue tena shavu lipi ni la nani. Akinitazama alimpoteza. Asiponitazama alinipoteza mimi. Na yule mzee aliliona hilo siku ya kwanza, akanyamaza, akatafuta njia ya kumfanya aseme kwa mdomo wake mwenyewe: hili ni lake, hili ni la Mapendo.

"Hapana," nilimwambia binti yangu. "Tazama shavu. La kwake limeingia ndani. Langu limejaa."

Akatazama kwa makini, akakubali nusu. Nikachukua kichana, nikakaa, naye akajikalisha chini na kugeukia dirisha.

"Geuka huku," nikasema.